Filimbi ya Kumwita Dubu

Ernestina alikuwa mtu wa mapafu. Kazi yake, katika hospitali moja ya Saint Paul, Marekani, ilikuwa kuwasaidia wagonjwa kupumua, naye alikuwa amezoea kumtazama mtu shingoni kabla ya kumtazama usoni. Ndiyo maana siku ile, walipokwenda duka la vifaa vya uwindaji kununua filimbi ya kumwita dubu, hakuziangalia filimbi. Alimwangalia mumewe.

Lusajo alikuwa ameugua nimonia wakati wa baridi. Kiangazi kikamkuta bado anapanda ngazi za nyumba yao ya Columbia Heights kwa kupumzika katikati, na hapo hapo akapata kibali cha kuwinda dubu. Wanjala, Mkenya aliyefanya naye kazi kiwandani Fridley, ndiye aliyemtia hamu hiyo. Ernestina alidhani ni maneno ya mgonjwa, yatapita. Hayakupita.

Muuzaji, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliwaeleza kwamba dubu huja akisikia kilio cha mnyama mchanga aliyeumia.

"Ila dubu hana subira," alisema. "Ukinyamaza kidogo tu, anasahau alikuwa anakwenda wapi. Lazima upulize bila kukoma."

Bila kukoma. Ernestina akamtazama mumewe shingoni.

Lusajo akachagua ya mbao, nzito, akapuliza. Mlio ulijaa duka zima. Mishipa ya shingo ikamsimama, mabega yakapanda, midomo ikaanza kupauka.

"Baba Tulia, basi."

"Ngoja, Mama Tulia. Hii ndiyo yenye sauti."

Akapuliza tena, safari hii ameshika kaunta.

Wazo likamjia Ernestina: mwache aichukue. Pumzi itamwishia, dubu atasahau, mume atarudi nyumbani mzima. Alikaribia kunyamaza. Lakini akamwona alivyofumba macho, masikio yamezibwa na kelele yake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo, akijiwa na kitu kwa nyuma huko msituni, atajuaje?

Akachukua filimbi ndogo ya plastiki yenye ulimi laini ndani, usiohitaji pumzi nyingi, akaijaribu mwenyewe. Ikalia kama kitoto kichanga. Mwanamke mmoja upande wa viatu akageuka kutafuta mtoto anayelia. Ernestina mwili ukamsisimka, lakini akampa mumewe. Lusajo akapuliza, akapuliza, mabega hayakupanda.

"Hii," Ernestina akasema. "Na mimi nakwenda."

"Wewe? Hata panya unamkimbia!"

"Panya sikumwita mimi."

Septemba wakaenda kaskazini, msituni. Walikaa wamepeana migongo, vizibao vya rangi ya chungwa mwilini, bunduki magotini pa Lusajo. Alipopuliza, Ernestina alisikia mgongo wa mumewe ukipanda na kushuka juu ya wake. Kila jani lililoanguka lilimshtua.

Dubu alitokea upande wa Ernestina. Alikuja moja kwa moja, kichwa chini, na nyuma yake watoto wawili wakikimbilia miguu yake. Ernestina akampiga mumewe kiwiko. Lusajo akageuka, akaona, filimbi ikamtoka mdomoni.

"Ana watoto," alinong'ona. "Simpigi. Simama polepole. Ongea naye, ajue sisi ni watu."

Dubu alisimama, akagonganisha meno, akatoa pumzi kwa kishindo.

"Taratibu, mama," Ernestina akamwambia dubu. "Taratibu. Chukua wanao, nenda. Hakuna mtoto anayelia hapa."

Dubu aliwatazama kwa muda ambao Ernestina hakuweza kuupima. Kisha akageuka, watoto wakamfuata, vichaka vikawafunika.

Walirudi kinyumenyume hadi kwenye gari, wakafunga milango. Lusajo akashikwa na kikohozi kirefu. Ernestina akampa maji, akangoja mpaka pumzi yake ikatulia, ndipo akawasha gari yeye mwenyewe.

"Kibali bado hakijaisha," Lusajo alisema walipofika barabara ya lami.

"Nakusikia," Ernestina akajibu, akaendelea kuendesha kuelekea nyumbani.