Bibi Mkeka na Watoto Wasiotembea

Msusi wa mlango wa tatu aliniambia, huku akinisuka, kwamba Bibi Mkeka, mlezi wa watoto wetu, anawafunga watoto miguu. Si kwa kamba, alinifafanulia kwa huruma. Kwa kipande cha shuka.

"Wewe umeshaona mtoto akianza kutembea pale kwake? Nitajie mmoja tu."

Nikafikiri, kichwa kikiwa mikononi mwake. Sikumpata.

"Wangu ana mwaka na mwezi, shoga. Kwa yule mlezi mpya kuna vigari sita. Watoto wanazunguka sebuleni kama wana leseni. Jumatatu namhamisha."

Kigari chenyewe alikuwa nacho nyumbani: cha plastiki, chenye magurudumu, mtoto anatumbukizwa katikati na muziki unaanza kulia. Kilikuwa kimeshamfundisha mwanawe mengi. Mwezi uliopita kilimfundisha kushuka ngazi za kibarazani, zote tatu kwa mpigo, akaibuka na nundu usoni. Msusi alizigombeza sana zile ngazi. Kigari kikafutwa vumbi, kikarudi kazini.

Bibi Mkeka hana kigari. Ana chumba kimoja, mikeka miwili, kigeti cha mbao mlangoni, na vigoda vitano alivyovipanga ukutani ili mtoto ashike hiki afuate kile. Zamani alikuwa dobi wa hospitali, miaka kumi na minne akifua mashuka ya wodi ya watoto. Kozi ya malezi hajawahi kuisikia, kwa hiyo hata muziki wa kigari unamzidi elimu. Siku moja nilimuuliza kwa nini hanunui hata kimoja.

"Mwanangu, mtoto akikaa mle haioni miguu yake. Anasukuma kwa vidole tu, na anaifikia sufuria ya moto hujageuza shingo. Walioifikia, mashuka yao nimeyafua mimi." Akaendelea kukunja nepi. Mambo ya kizamani, kama mnavyoona.

Watoto walikuwa wanane. Wiki ile walibaki watatu: wangu, wa msusi, na wa dereva mmoja ambaye hajapata muda wa kusikia uvumi. Wa msusi akiondoka, kodi ya chumba ingemshinda Bibi Mkeka, na mlezi asiye na chumba ni bibi tu mwenye mikeka.

Jumamosi umeme ulikatika pale tunaposhona sare, tukaruhusiwa mapema. Nikapita kumchukua binti yangu. Dirisha lilikuwa wazi. Mtoto wa msusi alisimama katikati ya chumba, hajashika kitu, kitambi mbele kama mwenyekiti wa kamati. Akamwendea Bibi Mkeka hatua nne, tano, sita, akaangukia makalio, akainuka, akazunguka kigoda. Binti yangu alikuwa kwenye mkeka anamtazama, mdomo wazi. Hizo hazikuwa hatua za kwanza. Mtoto wa hatua za kwanza hajui kukata kona.

"Tangu lini?" nikauliza nikiwa getini.

Bibi Mkeka akashtuka kama mtu aliyekutwa analamba sukari. "Jumanne."

"Na mama yake hujamwambia?"

"Nimwambie nini? Anashinda amesimama kutwa nzima na vichwa vya watu. Hatua ya kwanza ya mwanawe aione yeye, si mimi. Wote nimewafanyia hivyo. Akianza huku nanyamaza, Jumamosi namwambia mama, kesho pumzika na mwanao."

Ndipo nikaelewa. Walitembea Jumapili, nyumbani, mmoja baada ya mwingine, na sifa zikaenda kwa vigari, kwa mafuta ya kukandia, kwa ukoo wa baba ambao miguu yao inajulikana.

"Na wewe unaitwa mfunga miguu."

"Shuka lenyewe ninalo moja. Ningewafunga wanane na nini?"

Sikucheka. Nikamwambia natoka pale moja kwa moja kwenda kumweleza msusi, maana Jumatatu anamhamisha mtoto. Bibi Mkeka akampangusa yule mtoto magoti, goti moja kisha la pili, taratibu, kama hakuna kinachomsubiri.

"Ukimwambia, utakuwa umemnyima."

"Na nisipomwambia, utakosa chumba."

Nikamchukua binti yangu, nikambana kifuani. Swali la kama naye ameshaanza lilinifika mdomoni, nikalimeza.

"Kama unataka kunisaidia," akasema, "nenda kamwombe mambo haya tu. Kesho kile kigari akifungie chumbani. Afunge mlango wa kwenye ngazi, amvue mtoto viatu, akae sakafuni mbali naye kidogo. Asimshike mikono. Amsubiri tu. Mengine, mama, nakuomba usimwambie."