Mwalimu wa Klabu Amenichukulia Binti Yangu

Admin, ukiiposti hii nifiche vizuri, maana huku Lushoto watu tunajuana mpaka kwa kikohozi. Na nyie wasomaji msinirukie kabla hamjafika mwisho.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, fundi cherehani. Nashona sare za shule na magauni kwenye kibaraza cha nyumba yangu karibu na soko. Nina binti mmoja, yuko darasa la nne. Baba yake alishuka Mombo akasema anafuata kazi, kumbe anafuata mwanamke, na hajapanda tena huku juu. Tangu hapo mwanangu akawa mtoto wa kupigana. Akitaniwa kidogo tu, kashamrukia mtu. Niliitwa shuleni mpaka nikaona aibu kupita pale getini.

Ndipo akaja huyu mwalimu. Msichana tu, katokea Tanga, hajazaa, hata Kishambaa hakijui. Akaanzisha klabu baada ya masomo. Watoto wanacheza, wanachora, wanafundishwa kusema kinachowasumbua moyoni na kupatana wakigombana. Mimi nikacheka. Kwetu Vuga mtoto akinuna alikuwa anapewa jembe, na tukakua.

Lakini mwanangu akatulia. Ugomvi ukaisha kabisa, na hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma. Kila neno ni mwalimu. Mwalimu kasema ukikasirika pumua kwanza. Leo nimemwambia mwalimu nimemkumbuka baba. Jamani! Mimi niliyembeba mgongoni nikipalilia kabichi za watu, hajawahi kuniambia kamkumbuka baba yake. Siku moja nilimgombeza kwa kuchelewa, nikamwambia aache hasira zake. Akanijibu taratibu, "Mama, hii siyo hasira. Ni huzuni." Nilitamani kumzaba kibao. Mtoto hakukosea kitu, ila maneno yale hakuyapata kwangu.

Basi wivu ukanishika kama nimenyang'anywa mume mara ya pili. Mwalimu mwenyewe akaleta kitambaa nimshonee gauni. Nilimpima kiuno huku nimeuma meno, nikamwambia aje wiki ijayo. Alipokuja nikamwambia cherehani imegoma, na wakati huo nilikuwa nashona. Kitambaa chake kiko chini ya meza mpaka leo.

Kilichoniudhi zaidi ni tabia mpya. Mtoto akitoka klabu anapita kibarazani. "Shikamoo mama." Naitikia marahaba, macho yakiwa kwenye sindano. Zamani akishaitikiwa anaenda zake. Sasa anasimama, ananiangalia tu.

"Nini? Unataka hela?"

"Hapana mama."

"Una njaa?"

"Hapana."

"Sasa mbona umenisimamia kama askari?"

Anaondoka. Kesho tena hivyo hivyo. Nikajua hizo ndizo dharau anazofundishwa huko. Nikamwachisha klabu, nikasema nataka mtu wa kunisaidia kushona vifungo. Hakulia, hakubisha. Nikajiona nimeshinda, mtoto wangu karudi kwangu.

Juzi mwalimu akaja kibarazani. Nikajua kafuata gauni lake, nikaanza kutafuta uongo mwingine. Akaniamkia kwa heshima zote, gauni hata hakulitaja.

"Mama, samahani, ulishawahi kumuuliza?"

"Nimuulize nini?"

Akanieleza. Kule klabuni kila mtoto akishaamkia na kuitikiwa, mwalimu anamuuliza, "Na moyo wako je?" Mtoto anasema ulivyo siku hiyo. Watoto wakaambiwa wawaombe na wazazi wao wawaulize hivyo nyumbani.

"Wenzake wote walikwenda kuwaambia wazazi," akasema. "Wa kwako alikataa. Aliniambia, 'Mama yangu ataniuliza mwenyewe, ana kazi nyingi tu.' Kila nilipomuuliza kama umeshamuuliza, alinijibu, 'Bado, labda kesho.'"

Nilikosa pa kuficha uso. Kumbe pale kibarazani mtoto alikuwa ananisubiri mimi. Na niwaambie ukweli, hata pale wivu haukunitoka, ulizidi. Mwanangu ananisubiri mimi, halafu anayejua ni yule!

Jioni ile niliacha cherehani, nikakaa nimeuangalia mlango wa uzio. Akaingia. "Shikamoo mama." Nikaitikia, "Marahaba mwanangu," na kabla sijafungua mdomo tena, alishapita ndani kuvua sare. Hakusimama. Ndipo nikagundua kwamba hasimami tena siku hizi, na wala sijui aliacha lini.

Ndugu zangu, wenye matusi yawekeni pembeni, nina ya kwangu ya kutosha. Nikimrudisha klabu najua atafunguka, ila atafunguka kwa yule, na mimi nitabaki na vifungo vyangu. Nikimuuliza mwenyewe naogopa atanijibu "salama tu mama", kama ninavyowajibu watu wote tangu baba yake aondoke. Swali lenyewe fupi, nalifanyia mazoezi nikiwa peke yangu, lakini akitokea namuuliza kama ana njaa. Nishaurini, nimrudishe kwa mwalimu wake, au nimsimamie mimi sasa mpaka aniangalie?