Ngazi Isiyofungwa

Baba alianguka kutoka juu ya mkarafuu msimu uliopita, akavunjika mkono wa kulia. Mfupa ulipounga tu, akaanza kuulizia ngazi. Mimi nafundisha ufundi Chake Chake, nikaona nimtafutie sababu ya kutulia. Nikamwambia ngazi mpya ya alumini niliyoichora lazima ijaribiwe kwanza kwenye kompyuta, na ikionekana haifai, hapandi tena. Akakubali. Moyoni niliomba ishindwe, maana mimi mwenyewe nisingethubutu kumkataza.

Likizo ilipofika nikakaa barazani kwetu Mtambile na laptop yangu kuukuu. Jaribio la kwanza lilianza asubuhi, na hadi adhuhuri halijafika hata robo, feni inalia utadhani mashine ya kusaga. Nilikuwa nimeigawa ngazi vipande vidogo kupita kiasi, kila pini na kila tundu. Nikapunguza vipande, nikafuta matundu yasiyobeba uzito, nikazima programu nyengine zote. Likaenda mbio, kisha programu ikajifunga yenyewe. Sisi mafundi husema imeanguka.

"Imeanguka," nilimwambia mama, aliyekuwa akipita na ungo. Baadaye nikamsikia akimwambia baba kwamba ile ngazi imeanguka. Nilipaswa kumsahihisha. Lakini nilikuwa hoi, na kusema kweli nilifurahi, basi nikanyamaza.

Siku nne nzima iliendelea kuanguka. Nikabadilisha hiki, nikarudisha kile, nikaanza upya mpaka macho yakaniuma. Baba alipita kila akitoka msikitini.

"Imeanguka?"

"Imeanguka, baba."

Akaenda zake ndani. Nilimwona akinywea siku hadi siku, nami nikajiona mwizi.

Siku ya tano, baada ya alasiri, akaketi ubavuni mwangu, akataka kuona hasa inavyoanguka. Nikamwonesha ngazi imeegemea shina, na uzito wa mtu juu yake. Nikabonyeza. Ngazi ikaruka nje ya picha, programu ikajifunga.

"Hino hujaifunga, mwanangu," akasema taratibu. "Nani apanda mkarafuu na ngazi haina kamba?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Programu ilikuwa ikiniambia hayo hayo kwa siku nne, kwenye mstari mwekundu niliokuwa nikiupuuza: kitu hiki hakijashikizwa popote. Nimekulia chini ya mikarafuu, nikasahau kamba.

Nikaishikiza juu na chini. Dakika kumi, jaribio likaisha. Ngazi ilimbeba mtu na pakacha lililojaa karafuu bila kupinda. Nilitamani ianguke mara moja tu tena, lakini aliyenionesha kosa alikuwa amekaa pembeni yangu.

"Imesimama?"

"Imesimama, baba."

Akainuka kwa furaha iliyoniumiza. Tukaichukua ngazi yake ya zamani hadi mkarafuu wa nyuma ya nyumba, anioneshe inavyofungwa. Akazungusha kamba mara mbili, akapiga fundo, akavuta. Mkono wa kulia haukuweza kukaza. Akaishika kamba kwa meno, akavuta tena. Fundo likafunguka mbele yetu.

"Funga weye," akasema, akanipa kamba.

Nikafunga. Nilipogeuka hakuwapo. Nilimkuta jamvini na mama, anachambua karafuu kwa mkono wa kushoto.