Usiache

Kiwandani tulimwita Cherehani, na si kwa ushonaji wake. Alishona vizuri, hilo sibishi, lakini jina alilipata kwa mdomo. Akianza kusimulia alikwenda moja kwa moja bila kukata uzi, mpaka msimamizi agonge meza. Mimi nilikaa jirani yake, natia vifungo kwenye sare za shule alizokwisha kuzishona, kwa hiyo mashati yake yote na maneno yake yote yalipitia kwangu.

Mtoto wake tulimpa jina la Kifungo. Alikuja naye kazini tangu akiwa mchanga, akawa anamlaza ndani ya kapu la mabaki ya vitambaa chini ya meza. Msimamizi alijitia hamnazo, kwa sababu sare za Cherehani zilikuwa hazirudishwi na wateja. Kifungo alipojua kusema, neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba. Lilikuwa nyonyo. Alisimama ameshika sketi ya mama yake, akalitamka kama bosi anayeita chai yake, na Cherehani akampakata, akafungua blauzi, akaendelea kutuvunja mbavu kwa hadithi zake huku mtoto ananyonya.

Cherehani alikuwa na kifafa. Kilimwanza akiwa msichana, na hakutuficha. Alimeza vidonge asubuhi na jioni, na kwa miaka mingi hakuwa ameanguka. "Hizi ndizo breki zangu," alisema, akivitoa kwenye kitambaa alichovifungia. "Nikizisahau mtaniokota."

Maneno yalianzia kwa mama mkwe wake. Kifungo alichelewa kutembea, tena alipenda kulala. Bibi alikuja kumwona mjukuu, akamkuta amelala mchana, akakunja uso.

"Mwanangu, unamnyonyesha usingizi huyu," alimwambia Cherehani. "Hizo dawa zako zote zinaishia tumboni mwake. Chagua moja, titi au dawa."

Tangu siku hiyo alikosa raha. Baba Kifungo ni mlinzi wa ghala, mtu mpole, na upole wake unanikera mpaka leo. Mkewe alimwuliza afanye nini, naye akajibu kwamba mama yake ni mtu mzima, anajua anachosema. Akanywa chai yake, akaenda zake lindoni.

Basi Cherehani akaamua kuuliza hospitali, siku ya kuchukua vidonge vingine. Kwenye dirisha la dawa watu walikuwa wanasukumana, na Kifungo mgongoni analia. Alipofika mbele alisema harakaharaka, "Sista, mimi nanyonyesha. Je, niache?"

Nesi alikuwa anahesabu vidonge vyake. Hakuinua macho. "Usiache," alisema. "Ukiacha utaumia."

Alirudi kwetu uso unang'aa. "Nesi kasema nisiache kunyonyesha," alitangaza. "Eti nikiacha nitaumia."

Sote tuliokwisha kuachisha watoto tuliyajua maumivu hayo, maziwa yanapojaa na kifua kikawa kigumu kama jiwe, hata blauzi huwezi kuifunga. Tulitikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyeona kasoro. Mama mkwe alikuwa amemwambia achague moja, na nesi, kwa alivyosikia yeye, alikuwa amemchagulia. Vidonge akaviweka juu ya kabati, vingojee mpaka Kifungo aache mwenyewe. Baada ya muda mtoto akatembea, kwa kuwa wakati wake ulikuwa umefika, na bibi akajitwalia sifa zote.

Siku alipoanguka, niliisikia mashine kabla sijageuka. Mguu wake ulikuwa umekandamiza pedali, na cherehani ikawa inakimbia bila mtu wa kuiongoza, kidole chake kikiwa chini ya sindano. Tulichomoa waya ukutani, tukamlaza ubavu. Kifungo alitoka kwenye kapu lake, akampigapiga mama yake shavuni. "Nyonyo," alimwambia. "Nyonyo." Alidhani amelala.

Alipopata fahamu na kidole kimefungwa, nilimwuliza kuhusu vidonge.

"Si nesi kasema, mwenzangu," alinijibu. "Nikirudia vidonge itabidi nimwachishe. Acha nivumilie mpaka atimize miaka miwili."

Msimamizi alimwambia akapumzike nyumbani mpaka apone. Alimwambia kwa upole, na wote tuliosikia tulijua kwamba ndiyo imetoka hiyo.

Huko nyumbani alianguka tena, ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, mtoto yuko kifuani. Birika lilipinduka. Maji yalimuunguza Kifungo mkono, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole. Mtoto alipotoka hospitali, mama mkwe alikuja pamoja na wifi, dada yake Baba Kifungo. Walikunja nguo za mtoto bila kugombana na mtu. Walisema atakaa kwa wifi, ni kwa muda tu. Nilikuwepo, nimekwenda kumpa pole. Cherehani aliomba amnyonyeshe kwanza.

"Ameshakunywa uji," alisema mama mkwe.

Mlango ulipofungwa, Cherehani alibaki ameketi, maziwa yakimlowanisha kifua. Baba Kifungo alikuwa anatazama sakafu. Nilitamani kumzaba kibao.

Ndipo nilipomvuta kwa daktari, mwanamke kijana, msikivu. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza.

"Mama, nani alikwambia uache dawa?"

"Nesi wa dirishani. Aliniambia nisiache."

"Usiache nini?"

 Nilimwona Cherehani akilirudia neno lile moyoni, akiligeuzageuza kama shati unalotafuta limetatuka wapi.

"Alikuwa ameshika vidonge," alisema mwisho, polepole. "Vilikuwa mkononi mwake."

Daktari aliweka kalamu chini. "Dawa hii unayotumia wewe haikukatazi kunyonyesha," alisema. "Ukimwona mtoto analala mno unamleta, tunampima, tunaangalia kama ni dawa au ni kitu kingine. Hukutakiwa kuacha chochote, mama. Titi wala dawa."

Alisema vizuri, bila kufoka. Afadhali angefoka, tungepata wa kumkasirikia. Tulirudi kwa miguu, na yule mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno hakusema kitu njia nzima.

Alirudia vidonge jioni ileile. Akawa pia anakamua maziwa kwenye kikombe cha bati, yasije yakakauka mtoto hajarudi, halafu anayamwaga nje, kwenye mchanga. Kila alipokwenda kumwomba mama mkwe, jibu lilikuwa moja, akae kwanza bila kuanguka, wataona. Hakuna aliyemwambia akae mpaka lini. Maneno ya daktari aliyaeleza yote, na bibi akajibu kwamba madaktari wa siku hizi ni watoto. Kikombe kilianza kujaa nusu, baadaye robo, baadaye yakawa matone.

Hatimaye Baba Kifungo alipata ujasiri, sijui aliutoa wapi, akamwomba dada yake amruhusu mkewe kumwona mtoto. Tulikwenda wote wawili, Cherehani na mimi. Alivaa blauzi yenye vifungo mbele. Alikuwa amenieleza njiani kwamba mtoto akinyonya, hata kidogo, maziwa yatarudi. Aliongea sana siku hiyo. Alikuwa Cherehani wetu tena.

Kifungo alikuwa uani kwa shangazi yake, anachezea kifuniko cha sufuria. Kidonda cha mkono kilikuwa kimeshakauka. Alimtazama mama yake kwa muda, kisha akaja, akashika sketi. Cherehani aliketi kwenye mkeka, akampakata, akafungua blauzi. 

Mtoto aliliangalia titi. Aligusa kwa kidole kimoja, akakirudisha upesi.

"Dawa," alisema. "Chungu."

Akashuka mapajani, akaenda kwa shangazi yake, akamwita mama.

Wifi aliona haya, hilo namkubalia. "Tulimwambia hivyo ili asahau," alisema. "Alikuwa analia sana, wifi yangu. Tungefanyaje?"

Cherehani alifunga blauzi. Kwa kuwa mtoto amezoea, mama mkwe alisema baadaye, hakuna haja ya kumsumbua tena. Baba Kifungo alikubali. Hata mimi, niliyekwenda kwao kubishana, sikujua nibishe nini, maana mtoto kweli alikuwa amezoea.

Kwenye mashine yake siku hizi ameketi mshonaji mwingine, mtu wa kimya. Jumapili nampitia Cherehani nyumbani. Ananikaribisha, tunakaa, mimi ndiye ninayesimulia. Hajaanguka tena. Anameza vidonge vyake asubuhi na jioni bila kukosa, akisukumia maji kwa kile kikombe cha bati.