Pua ya Mchimba Shaba

Habari ya kifo chake ilinifikia asubuhi, nikiwa na povu la sabuni shavuni na wembe mkononi. Mke wangu alisoma ujumbe kwenye simu kwa sauti, kisha akauliza: "Iko ule fundi wa sarafu?" Ndiye. Fundi wa shaba wa mtaa wa Katuba, mtu niliyefahamiana naye miaka mingi bila kufikia kuitana marafiki, alikuwa ameanguka karakanani kwake na hakuamka tena. Presha, walisema. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua, mimi ni mtu wa machozi ya karibu, nalia hata kwenye misiba ya watu nisiowafahamu. Safari hii sikulia. Niliogopa. Nilitoka na povu langu usoni nikaenda kufunga geti, jua limeshapanda, majirani wananitazama, nikarudi kumalizia ndevu. Nipeni nafasi niwaeleze nilichokuwa nakiogopa, maana sidhani kama ni changu peke yangu.

Marehemu alikuwa anapiga shaba kwa nyundo. Mmeziona kazi za namna hiyo kwenye kuta za sebule zetu: mwanamke anatwanga, swala anakimbia, mtumbwi wa wavuvi wa Kilwa, ile ya kwetu ya ziwani. Bamba la shaba linalazwa juu ya lami, fundi analipiga kwa upande wa nyuma, na picha inajitokeza upande wa pili ambao yeye haoni mpaka aligeuze. Babu yake aliletwa kutoka Kasai zamani zile za kukusanya watu wa kazi ya mgodini. Baba yake alizaliwa hapa, yeye alizaliwa hapa, watoto wake wamezaliwa hapa, na Kasai kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Mimi baba yangu alitoka Pweto, ziwani katika mkoa huu huu, akaja kufanya kazi ya reli, na kila shangazi zangu wanapotutembelea nyumba inanuka samaki wakavu wiki nzima. Nayataja haya kwa sababu mjini kwetu, hata mwenyewe asipoyataja, wanaomsikiliza wanakuwa wameshayatafuta.

Basi ikasemekana mji utapigiwa sarafu ya ukumbusho. Kamati ikaundwa, na mimi nikaitwa kama mtu wa kalamu. Nilifurahi kama mtoto aliyechaguliwa kubeba bendera, nikatoa tai yangu kabatini. Kazi yenyewe ilionekana nyepesi, kuchagua mchoro tu. Wengine walitaka bomba refu la kiwanda na kile kilima cheusi cha makapi ya mgodi kilicho pembeni yake, wengine walitaka msalaba wa shaba ambao wahenga waliutumia kama fedha. Fundi akaleta bamba la upana wa sahani lenye uso wa mchimbaji: kofia ya mgodini, macho mazito, mdomo umefunguka kidogo kama mtu anayevuta pumzi baada ya kupanda ngazi ndefu. Mama mmoja mwalimu, aliyeketi kando yangu, alifuta macho. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kuwaza chai.

Kumbe ndiyo kwanza mambo yanaanza. Mtu mmoja aliuliza ni nani hasa mwenye kuamua, na hapo kila mtu akawa na jibu lake. Mwenyekiti alisema ni kamati. Bwana aliyetumwa na ofisi ya mji mkuu alisema mambo ya fedha huamuliwa Kinshasa, sisi kazi yetu ni kupendekeza. Mzee mmoja wa heshima, mwenye kofia nyeupe asiyoivua hata ndani, alisema shaba imetoka ardhini na ardhi ina wenyewe. Kijana wa chama fulani akasimama akasema wenyewe ni vijana. Tulirushiana maneno mpaka ukumbi wa parokia ukahitajika kwa mazoezi ya kwaya, tukatolewa nje tukiwa bado tunabishana. Kabla sijafika nyumbani, picha ya lile bamba ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu, na chini yake mtu ameandika: "Iyi pua iko ya bantu ba wapi?"

Anayeishi mbali anaweza kulicheka swali hilo, kwamba pua hii ni ya watu wa wapi. Sisi hapa hatulicheki. Wenye umri wangu tunakumbuka wakati majirani zetu wenye asili ya Kasai waliposombwa na hofu mpaka kwenye vituo vya treni, wakalala huko na magodoro na sufuria zao wakisubiri kupelekwa kwenye nchi waliyoijua kwa majina ya mababu tu. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na kazi yake ilimpitisha pale kituoni kila siku. Alikuwa anarudi nyumbani, chakula anakisukuma pembeni. Hatukuwahi kumwuliza alichokiona, na mpaka anakufa hakusimulia. Lakini najua jambo lile halikuanza kwa mapanga wala mawe. Lilianza kwa watu kuulizana ni nani wa hapa na ni nani si wa hapa, mara nyingi kwa kicheko.

Mkutano uliofuata, yule mzee wa kofia nyeupe alisema kwa upole kabisa: "Bon, hatutaki mambo mingi. Fundi, upunguze tu pua." Nilimtazama fundi, nikitegemea atakasirika. Hakukasirika. Alisema ndiyo papa, yaani baba, akabeba bamba lake, akaenda kupunguza pua. Aliporudi nalo, upande wa pili, wa wenye asili ya Kasai, ukalalamika: sasa mmemgeuza, amekuwa mtu wenu, rudisheni alivyokuwa. Akasema ndiyo, akaenda kurudisha. Kisha ikawa zamu ya midomo, kisha mashavu. Watu wazima, wengine wamesoma hadi Ulaya, tulikaa tukilizungusha bamba mikononi tukipima uso wa mtu asiyekuwepo. Si mzaha, mmoja alitoa rula. Nilitaka kucheka, na kicheko kikakataa kutoka kwa sababu nilimwona fundi anavyoitazama ile rula.

Nilimfuata karakanani siku chache baadaye. Bamba lilikuwa juu ya lami, na kutoka puani hadi kwenye jicho palikuwa na ufa. Shaba ikipigwa sana huwa ngumu, sharti uichome motoni ilainike ndipo uendelee, na hata moto nao una mwisho wake. Nilimwuliza kwa nini hakukataa tangu mwanzo.

"Nikatae, yaya? Niko na batoto," alisema, akiniita kaka mkubwa kwa lugha ya kwetu. "Nikikatala, bengine batasema: munaona, iko na kiburi, anatetea bantu bake."

"Lakini ulimpiga nani? Ni babu yako?"

"Babu yangu siyue hata sura yake. Mi nilipiga tu muntu mwenye kutoka mu shimo, mwenye kuchoka. Kama pua iko na kabila, mi sikuyua." Aliligeuza bamba tusiuone ufa. "Mama batoto amefunga mifuko, yaya. Iko nyuma ya mulango. Nilimwambia afungue, hataki."

Niliiona nilipoingia nyumbani kwake kusalimia: mifuko mikubwa ya nailoni ya mistari, imejazwa na kufungwa kamba, imepangwa nyuma ya mlango. Watoto walikuwa wanachomoa nguo zao za shule kwa kupenyeza mkono juu ya kamba, maana mama yao hakuruhusu fundo lifunguliwe. Mume alitaka wabaki katika mji waliozaliwa, mke alitaka wawe tayari kuondoka kabla ya kuondolewa, na mimi sikujua nani kati yao ana akili zaidi. Sarafu haikupigwa. Kamati iliacha tu kuitana, kama kamati zinavyofanya. Ila ujumbe kwenye simu uliendelea, na mtu alipokosa la kusema alilirudia lile swali la pua.

Ndiyo maana nilifunga geti. Nilijua kwenye kilio watakutana pande zote, na jina lake litawakumbusha watu bamba lile. Nilikwenda hata hivyo, kwa kuwa kutokwenda nako kungesomwa kama kuchagua upande. Nilimkuta mjane ameketi kwenye mkeka sebuleni, na nyuma ya mlango mifuko iko palepale. Turubai lilikuwa limefungwa barabarani, viti vya plastiki vimejaa, watu wanazungumza chini chini mno kwa msiba wa Katuba. Mwili ulipoletwa kutoka hospitali, jeneza likawekwa katikati ya sebule, kifuniko kikafunguliwa usoni, tukapanga mstari kumuaga. Hapo ndipo gari liliposimama nje, wakashuka vijana kadhaa, na katikati yao yule mzee wa kofia nyeupe. Kaka wa mjane alisimama akaenda kukaa kati ya jeneza na mlango.

Hawakufanya fujo yoyote. Walipanga mstari kama sisi. Mzee alipofika kwenye jeneza aliinama, akamtazama marehemu muda mrefu kuliko kawaida, na kwa mara ya kwanza nikaona kofia ile imevuliwa. Nilidhani anasali. Kisha akamgeukia kijana aliyekuwa nyuma yake, akamwambia kwa sauti ndogo ambayo sebule nzima ilisikia:

"Haifanane."

Alikuwa amekuja kulinganisha. Siku zote zile aliamini fundi ameuweka uso wake mwenyewe kwenye shaba yetu, akaja mpaka kwenye maiti kuhakikisha. Na mimi niliyekuwa nimesimama hatua chache nyuma yake, mimi ninayewaandikia hapa kila mara kuhusu utu, macho yangu yalikuwa wapi? Yalikuwa kwenye pua. Sikuagana na yule mtu. Nilimkagua. Nikatazama wengine kwenye mstari, nikaona nao macho yao yametua palepale, na hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa gari liliposimama.

Mjane alinyanyuka kwenye mkeka. Hakupiga kelele. Alivua kitenge cha mabegani akamfunika mumewe uso. "Bapapa, mumeisha kuona," alisema. "Sasa muache tumuzike."

Tumezoea kudhani ugomvi wa nani aamue sarafu ni ugomvi wa wakubwa, wa Kinshasa na kamati na wazee wa ardhi. Nilichojifunza kwenye sebule ile ni kwamba tulikuwa tunaamua jambo jingine kabisa, nalo ni nani ana haki ya kuwa na uso katika mji huu, na kila mmoja wetu alikuwa amebeba rula yake. Hata siku wakituambia chagueni mchoro mnaoutaka, mimi nitaomba tuachwe kwanza. Tungoje hadi tuweze kumtazama mtu aliyetoka shimoni tukaona amechoka, basi.

Tulimzika vizuri, hakuna aliyeguswa. Baada ya mazishi nilirudi kumsaidia mjane kurudisha viti, na nikamwona amefungua mfuko mmoja ili atoe sufuria ya kuwapikia waombolezaji. Watu walipokwisha kula aliiosha sufuria, akaikausha kwa khanga, akairudisha mfukoni. Alinitazama. "Papa, tutaikala tu hapa mu muji?" aliuliza. Mimi, mtu wa kalamu, nikaanza kupanga viti. Akavuta kamba, akafunga.