Maua Yaliyopumua Ukutani

Kiwandani walimwita Mama Macho, maana hakuna kasoro iliyompita. Alikagua utando mwembamba wa plastiki unaobandikwa ndani ya maboksi ya dawa kuonyesha kama unyevu umeingia. Siku ya kwanza fundi mkuu alimweleza kwamba humo mna plastiki mbili zisizopatana, kama mafuta na maji, ila kila uzi wa hii umeungwa ncha kwa ncha na uzi wa ile. Kuchanganyika hazitaki, kuachana haziwezi. Basi zikiachwa zitulie, hujitenga zenyewe tabaka kwa tabaka, nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona. Hakuna mkono unaozipanga.

"Kama mimi na baba watoto," alisema, na wenzake wakacheka. Lakini tangu hapo hakupenda kuupa utando ule mgongo.

Tabaka moja hunywa maji. Likivimba, utando usio na rangi hugeuka buluu, kijani, kisha mwekundu. Kipimo cha wakaguzi kilikuwa mdomo: unaupulizia, ukiwa mwekundu ni mzima, kisha rangi inafifia.

Vipande vilivyokatwa vibaya aliruhusiwa kuvichukua. Kitinda mimba wake akavibandika kama maua ukutani juu ya mto wake, na kimoja mlangoni. Mchana mmoja, binti akiwa shule, Mama Macho aliingia kufagia akakuta ua la chini jekundu. Kwa watu wa kazi yake nyekundu ni pumzi, na chumbani hamkuwa na mtu. Ni chumba alichokatia roho mama mkwe wake.

Mumewe alicheka. "Mama watoto, sasa unakagua hadi kuta?"

"Ukuta unapumua. Mwanangu halali humo."

Kila alipochungulia, wekundu ulikuwa umepanda ua jingine. Binti hakuogopa hata kidogo. Alisema bibi ndiye anayeyapaka rangi. Kusikia hivyo, mama alimhamishia kitandani kwake, na mume akanuna akahamia kwenye kochi. Nyumba ikajitenga, baba huku, mama na binti kule, chini ya paa lile lile.

Kwa kukitamani kitanda chake, mume akamleta fundi bomba. Fundi aligonga kwa patasi mara chache tu, tofali likamomonyoka kama mkate uliolowa. Ndani bomba lilikuwa limepasuka. Kabla hajasema neno, pande zima la ukuta liliporomoka juu ya kitanda kitupu, pale pale pa mto.

Mume alilitazama vumbi likitua. "Angekuwa hapo," alisema, na hakumtania tena mkewe.

Ukuta ulijengwa upya ukakauka kabisa. Mume akasema mtoto arudi chumbani kwake, na mama, kwa kukosa sababu, akaenda kutandika.

Lile ua la mlangoni lilikuwa limebaki, kwenye mbao kavu, mbali na bomba. Likawa buluu, kijani, jekundu. Likafifia. Likaanza upya, taratibu, kama mzee aliyetoka kupanda ngazi. Mama Macho akabana pumzi yake mwenyewe, apate hakika. Rangi haikukoma.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya chini.

Akakunja shuka, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo. Kwa mumewe alisema tu kwamba plasta bado mbichi.