Boksi la Breki Chini ya Kuku

Wifi yangu alipopiga simu kutoka Lituhi hakuzunguka. "Mwambie mdogo wangu aje anichukue. Miguu imekataa." Mzee wangu aliposikia alitoka nje, akaenda kukaa ndani ya gari letu kuukuu bila kuliwasha. Dada huyo ndiye aliyemlea. Lakini breki zilikuwa zimekwisha, na kutoka huku kwetu Maguu kwenda kwake ziwani njia ni ya kuteremka. Mtu hateremki na gari lisilosimama.

Fundi alifungua gurudumu, akatoa pedi moja ya breki iliyolika, akanipa niende nayo Mbinga mjini wanitafutie kama ile. Nilikwenda mimi kwa sababu masikio ya mzee ni mazito. Kabla ya safari niliisugua pedi kwa majivu na mchanga, kama ninavyosugua sufuria. Sijazoea kupeleka kitu kichafu mbele za watu.

"Shikamoo, bibi," akasema muuza spea.

"Marahaba. Nataka kama hii, mpya."

Akaigeuzageuza. "Hii umeiosha?"

"Ulitaka nikuletee na matope yake?"

"Nilitaka namba, bibi. Ilikuwa hapa mgongoni, umeisugua yote. Gari lenu lina pedi za aina mbili, na hii imeshalika, siwezi kukisia. Breki hazikisiwi."

Nikarudi mikono mitupu, nikamweleza mzee kosa langu. Hakunigombeza. Akasema, "Namba ipo kwenye boksi lake."

Mzee anatunza maboksi ya spea chini ya kitanda, na miaka yote namsema, hiki ni chumba au ghala? Mwezi ule nilikuwa nimechukua lile la breki, kubwa kuliko yote, nikatia maganda ya mahindi, nikamlaza kuku juu ya mayai tisa.

"Liko wapi?" akauliza.

"Kuku analiatamia."

Alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile simu. "Basi nenda kamwombe mwenyewe."

Nikapiga magoti jikoni na kisu. Kuku alinidonoa mara mbili, nikamwacha, alikuwa na haki. Nilikata upande wenye maandishi, nikaziba tundu kwa kipande cha gunia, mayai yasipoe.

Kesho yake muuza spea alikipokea kile kipande na kinyesi cha kuku juu yake. Akakisoma, akaingia ndani, akatoka na pedi.

"Leo hukuosha, bibi."

"Si ulinikataza."

Fundi alipozifunga tuliteremka. Kila kona mzee alikanyaga, na gari likatii. Mimi hushika mlango njia nzima. Siku ile mikono ilikaa mapajani.

Wifi alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, nguo zimefungwa kwenye kanga. Mzee aliinama akamwamkia shikamoo kama mtoto. Yeye akamtazama juu hadi chini. "Umekonda. Huyu hakulishi?"

"Panda gari, wifi," nikamwambia. "Utaona mwenyewe."

Sasa analala chumba cha karibu na jiko, na kila siku ana neno juu ya mboga zangu. Boksi la zile pedi mpya liko chini ya kitanda. Nikifagia nalitoa, nafagia, nalirudisha palepale.